Daftari la Ghala Namba Mbili

Mimi si malenga. Mizani niijuayo
ni ile ya chuma, ya Ushirika, hapa Newala,
sahani yake imepinda kidogo upande wa mlango,
kwa hiyo kila gunia lilitoka na nusu kilo ya uongo
na sote tulijua, tukanyamaza.

Siku ile redio ilipiga magwaride tangu alfajiri.
Saa mbili sauti ikasema: wamejaribu, wameshindwa,
wananchi waendelee na kazi.
Tukaendelea. Ilikuwa Novemba, korosho zinaingia,
mikono inanuka mafuta ya maganda, sabuni haiyatoi.

Siku ya nne wakalitaka ghala namba mbili.
Hamisheni magunia, kuna wageni.
Wageni wakashushwa kwenye lori letu wenyewe,
dereva Mpota hatazami kioo.

"Karani, andika."
"Afande, daftari nililo nalo ni la korosho."
"Hilo hilo."

Jina la mkulima. Kijiji. Kilo. Daraja. Sahihi.

Koplo Abilahi Nandonde wa Mkunya, likizoni, kuja kumzika mama yake.
Fundi Sefu Mchopa: cherehani yake ilishona kombati mbili
mwaka juzi, na risiti anayo.
Kijana wa Kitangari, naye Nandonde,
kosa lake likaishia hapo.
Mtu wa posta.
Mtu aliyecheka kwa kinyozi redio ilipokatika.
Na wa arobaini na moja, Mwalimu Kanisius Nampunju,
aliyenifundisha kugawanya kwa njia ndefu,
aliyewahi kusema darasani kwamba hata bendera hufuliwa.

Kwenye daraja niliandika la kwanza, wote.
Kwenye kilo niliweka kistari.

Mwalimu akachungulia, tabia haina dawa:
"Umeacha nafasi wazi, kijana."
Nikasema, "Shikamoo." Sikuwa na jingine.
Akavua viatu, akavipanga kama anaingia nyumba ya watu,
akapanda mzani.
"Nipime. Nikirudi, mjue kilichopungua."

Sitini na moja. Nikatoa nusu.

Askari alicheka. Kisha akaacha,
maana foleni ilikuwa imekwisha kujipanga,
hata waliokwisha kuandikwa wamo,
hata kijana wa Kitangari, arobaini na nane,
amebana pumzi awe mzito.

Usiku walikohoa vumbi la korosho.
Bi Somoe, mke wa fundi, alileta ndoo ya maji kutoka bondeni,
saa tatu za mlima, kichwani.
Afande akashukuru sana,
akaoshea lori.

Wiki ya tatu lori likaja bila taa.
Mwalimu alisahau viatu. Au hakusahau.

Wamerudi kumi na saba, kwa miaka, mmoja mmoja,
kama deni linalolipwa na mtu asiyetaka.
Nawapima jioni, ghala likifungwa. Hakuna aliyeniagiza.
Koplo: kumi na nne pungufu.
Mtu wa posta hakutaka kutazama mshale.
Yule kijana, arobaini na nane vilevile:
alikuwa akikua huko, akipungua huko,
vikakutana.
Viatu viko chini ya meza yangu,
kilo moja kasoro robo, pamoja na vumbi.

Mkaguzi alikuja kutoka Mtwara, mtu mpole,
kidole kikashuka safu kwa safu, kikasimama.
"Ziliingia elfu mbili mia tatu na ushei.
Zilizotoka sizioni. Tofauti hii ni ya nini?"

Nilifungua mdomo. Nje mtu anamwaga korosho kwenye turubai,
ile sauti ya mvua isiyolowesha.

Hakungoja. Mtu wa korosho anajua:
mali ikikaa sana gizani hukauka, hupungua,
jambo hilo lina jina lake na halina mshitakiwa.
Akaandika mwenyewe, wino mwekundu, *unyaufu*,
akagonga muhuri.

Nikamwuliza, mzee, inaruhusiwa asilimia ngapi?

Akafunika kalamu.